Mshale Ukielekea 9,000

Leo alfajiri niliitoa Honda S2000 yangu, gari dogo la michezo, kwenye Barabara ya Bagamoyo, kabla foleni haijaanza.

Injini yake ya lita 2 huwa tulivu hadi karibu mizunguko 6,000 kwa dakika, ndipo mfumo wa VTEC, unaobadili jinsi vali za injini zinavyofunguka, unapohamia kwenye kamu kali (kamu ndiyo chuma kinachozisukuma vali hizo), sauti ikabadilika ghafla na mshale ukapanda kuelekea 9,000.

Ilikuwa gia ya kwanza tu, lakini mkono wangu ulitetemeka kwa furaha.

Kisha yakaja matuta. Gari liko chini mno, hivyo niliyapanda kimshazari, polepole, na bado nikausikia mkwaruzo wa chuma chini ya miguu yangu, ambao hadi sasa haujanitoka masikioni.

Ndugu zangu wenye magari ya chini, ninyi mnayavukaje?