Jinsi utafiti tendaji ulivyotusaidia kujenga utamaduni wa uendelevu chuoni

Nilipokabidhiwa jukumu la kuratibu masuala ya mazingira katika chuo kikuu ninachofundisha, sera ya uendelevu ilikuwa imekwishapitishwa na seneti, na mabango ya kuhimiza watu kuzima taa yalikuwa yamebandikwa kila ukuta, mengine yakiwa yamechapwa kwa rangi kwenye karatasi nene ya gharama. Hakuna aliyeipinga sera hiyo, wala hakuna aliyeitumia. Hali hiyo si ngeni: tangu Azimio la Talloires la mwaka 1990, ambalo kwa vipengele vyake 10 liliwataka wakuu wa vyuo vikuu kuingiza uendelevu katika ufundishaji, utafiti na uendeshaji wa vyuo, kutia saini kumekuwa rahisi kuliko kubadili mazoea ya kila siku.

Niliamua kutumia utafiti tendaji, mbinu ambayo mwanasaikolojia Kurt Lewin aliieleza mwaka 1946 kuwa mzunguko wa kupanga, kutenda, kuchunguza matokeo na kupanga upya. Kilichonivutia si mzunguko wenyewe, maana hata meneja wa kawaida hupanga na kutathmini, bali nafasi inayowapa wanaoguswa na tatizo kuwa watafiti wenza badala ya kuishia kujaza dodoso. Nikawaalika wafanya usafi, walinzi, mafundi wa umeme, wasimamizi wa mabweni na wanafunzi. Wakuu wao tuliwaomba wasihudhurie vikao vya mwanzo, kwa sababu mfanyakazi hawezi kueleza kasoro za utaratibu mbele ya mtu anayemjazia fomu ya tathmini.

Tulianza na taa za kumbi za mihadhara, ambazo zilikuwa zikiwaka usiku kucha. Dhana iliyotawala ni kwamba watu hawajali. Wanakikundi waligawana majengo, kila mmoja na daftari lake la kuandikia chumba, saa, na nani alitoka mwisho. Mfanya usafi mmoja alipotusomea aliyoyaandika, mjadala ulichukua sura nyingine: katika ukumbi wake swichi moja iliwasha safu zote za taa, na swichi hiyo ilikuwa ndani ya stoo ambayo ufunguo wake hukaa kwa fundi anayeondoka jioni. Mlinzi akaongeza kwamba hata pale swichi zilipofikika, yeye hakuwa na idhini ya kuzigusa. Kuanzia hapo tuliacha kuuliza namna ya kuwahamasisha watu, tukauliza ni nani mwenye mamlaka ya kuzima.

Majibu yalikuwa ya kawaida kabisa. Mafundi walitenganisha swichi safu kwa safu. Kuzima taa kukaingizwa katika majukumu ya walinzi wa zamu ya usiku. Na ofisi ya ratiba ikavikusanya katika jengo moja vipindi vya jioni vilivyokuwa vimetawanyika. Mita za umeme tulizisoma siku na saa ileile kila wiki, tukitenganisha wiki za masomo na za likizo, vinginevyo majengo matupu yangetupa sifa tusiyostahili. Matumizi ya usiku yalishuka, nasi tukabandika takwimu hizo mahali wafanyakazi wanaposaini mahudhurio.

Baadhi ya wahadhiri wenzangu walidai kwamba huo si utafiti, kwa kuwa matokeo ya majengo yetu hayawezi kujumuishwa kwa vyuo vingine. Hoja hiyo ina uzito kwa anayetafuta kanuni ya jumla. Sisi tulitaka kujua jambo linalofanya kazi hapa na sababu yake, na kila hatua ilikuwa imeandikwa kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kuihoji.

Kwangu mimi, dalili kwamba utamaduni ulikuwa unajengeka ilijitokeza wafanya usafi walipoleta swali lao wenyewe, kuhusu maji yanayovuja katika vyoo vya mabweni, wakiwa tayari wamekubaliana nani atahesabu nini. Mimi niliombwa tu kupata kibali. Maabara bado ni kazi ngumu, kwani majokofu ya sampuli hayazimwi na kila mtafiti hulinda lake. Mzunguko unaofuata utaongozwa na mafundi wa maabara, na daftari zao wamekwishagawana.