Nilivyochagua bunduki ya .22 ya kulengea shabaha

Wanaoanza mchezo wa kulenga shabaha hapa Nairobi huniuliza kwa nini nilichukua Ruger 10/22, bunduki ya kaliba ndogo ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi), ilhali ziko nusu-otomatiki, yaani zinazojipakia zenyewe kila ukipiga, zinazopendeza macho zaidi. Sikuichukua kwa sura wala kwa sifa za muuzaji. Nilikuwa natafuta bunduki itakayomaliza magazini (kibweta cha kuwekea risasi) nzima bila kukwama, kwa risasi ninazoweza kuzipata hapa mjini mwaka mzima, na hilo halijulikani mpaka uipige.

Kaliba iliamuliwa mapema. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ina kifungu kikali sana kwa anayekutwa na bunduki za kivita kama AK 47 na G3, kwa hivyo ushauri mwingi wa Wamarekani kuhusu AR-15, bunduki yenye umbo la kivita, hautufai huku. Nilikuwa nimeipenda pia M&P 15-22 ya Smith & Wesson. Ni nyepesi na inapiga .22 tu, lakini umbo lake ni la AR-15 mtupu. Sikutaka kila kizuizi cha polisi kati ya nyumbani na uwanja wa shabaha wa Stoni Athi kigeuke mjadala, nikaiacha. Ya leseni sitayarefusha: cheti cha nidhamu, mahojiano, kabati la chuma nyumbani, na subira. Ila ujue leseni huandikiwa silaha fulani yenye nambari yake, kwa hivyo uamuzi ufanye kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwa sababu hiyo nilipiga kwanza bunduki za wenzangu, wenyewe wakiwa wamesimama kando yangu. Wapiga shabaha ni watu wakarimu ukija na risasi zako na ukifuata amri za msimamizi. Mzee mmoja ambaye amelenga shabaha tangu ujana wake aliniona nikihangaika na ganda lililosimama wima kwenye tundu la kutolea, bolti (kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma kufunga chumba cha risasi) imelibana kama koleo. Akaniambia, "Msichana wangu, usiilaumu bunduki. Anza na magazini, kisha risasi, halafu ndiyo uje kwa bunduki yenyewe." Nilikuwa nikimjibu "ndiyo, Mzee" kwa heshima tu, lakini ushauri huo ndio uliopanga majaribio yangu yote.

Sababu yake ni hii. Nusu-otomatiki nyingi za .22 hazina mtambo mgumu. Risasi ikilipuka, msukumo uleule unaoitoa mbele ndio unaorudisha bolti nyuma. Bolti inalitoa ganda, springi inairudisha mbele, na ikirudi inachukua risasi nyingine. Hakuna kinachoifunga bolti ila uzito wake na springi hiyo. Risasi ikiwa dhaifu kidogo, bolti hairudi nyuma ya kutosha na ganda linanasa mlangoni. Risasi za .22 za mwendo wa kawaida hutoka kwa kiasi cha mita 325 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, na zile za kasi hufika karibu mita 380. Zile za polepole mara nyingi hupanga vizuri zaidi kwenye karatasi, lakini si kila bunduki inazisukuma vyema. Basi nilikuwa nikinunua visanduku vya hamsini hamsini vya aina zilizokuwa dukani, na kila kukwama nikakuandika kwenye daftari: magazini gani, risasi gani, ilikwama ikiingia au ikitoka.

Daftari lilisema mambo mawili. La kwanza, magazini za plastiki zilizotengenezwa na makampuni mengine ndizo zilizoharibu siku nyingi, ilhali ile ya duara iliyokuja na 10/22, ya risasi kumi, ilipiga karibu kila aina niliyoijaribu. Midomo yake inayoshika risasi ni ya chuma, na kila risasi hukaa kwenye kijisehemu chake, kwa hivyo kingo za nyuma za risasi hazishikani. Risasi ya .22 ina ukingo unaotokeza nyuma, na ukingo wa juu ukikaa nyuma ya ule wa chini, risasi haitoki. La pili, aina moja ya risasi za bei nafuu iligoma kulipuka mara nyingi kuliko nyingine zote, katika bunduki zote.

Hapo panahitaji uangalifu. Risasi ikigoma, mtutu unabaki umeelekea shabaha, unahesabu sekunde thelathini kimya, ndipo unaitoa. Halafu angalia alama ya pini kwenye ukingo. Baruti ya kuwashia ya .22 iko ndani ya ukingo huo, na wakati mwingine haikuenea sawasawa kiwandani. Alama ikiwa ya kina na risasi bado imegoma, tatizo ni risasi. Alama ikiwa hafifu, safisha bolti na uangalie pini. Nimeona watu wakiuza bunduki nzuri kwa sababu ya kisanduku kibaya cha risasi, na jambo hilo huniuma kwelikweli.

Mshindani wa mwisho alikuwa Marlin Model 60, bunduki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, miaka minne kabla ya 10/22. Inapiga sawasawa sana. Magazini yake ni bomba refu chini ya mtutu, unatia risasi moja moja kutokea mbele, na kuhakikisha bomba liko tupu kabisa kunataka macho na muda kila msimamizi anapoamuru "toeni risasi". Kwa ile ya duara naichomoa, navuta bolti, nachungulia chumba, natia kibendera cha plastiki cha kuonyesha kuwa chumba ni kitupu, basi. Ujue tu kwamba 10/22 haibaki wazi yenyewe risasi ya mwisho ikiisha. Bolti inafunga, na ukidhani bado una risasi utavuta triga bure. Kwa hivyo nahesabu kumi kila mara.

Kilichoniamulia hasa ni mwili wangu. Mimi si mrefu. Kitako cha kawaida kilinilazimu ninyooshe shingo kuitafuta darubini, na baada ya nusu saa bega lilikuwa limechoka na matundu yangu kwenye karatasi yametawanyika. Nilipopewa 10/22 yenye kitako kifupi, shavu likakaa mahali pake, jicho likaona duara lote la darubini bila kivuli, na risasi tano zikakaa karibu karibu kwenye shabaha ya mita hamsini. Dada zangu, msikubali kuambiwa kwamba mtazoea. Kitako kirefu hakizoeleki, kinakufundisha kukaa vibaya.

Jambo lililoongezea ni vipuri. Hii ni bunduki ambayo mafundi wengi wanaijua, na springi au pini haiwi kitendawili. Kuisafisha kuna ugumu wake: nyuma pamefungwa, kwa hivyo fimbo ingeingilia mdomoni mwa mtutu, na mdomo ukikwaruzwa usahihi unaondoka. Mimi natumia kamba ya kuvuta kutokea chumbani kuelekea mbele. Vumbi la Stoni Athi ni jingi wakati wa kiangazi, na upepo hausimami, kwa hivyo mafuta nayatia kidogo sana, maana yakizidi yanakusanya vumbi na masizi mpaka bolti inakuwa nzito. Na kabla sijagusa nyama choma naosha mikono kwa sabuni na maji baridi, kwa sababu vichwa vya risasi nyingi za .22 ni vya madini ya risasi (lead) tupu, na madini hayo si ya kula.

Magazini zangu zote nimezitia namba kwa rangi ya kucha. Nambari tatu ilianza kukwamisha mwaka jana, nikaifungua, nikakuta mchanga umeingia, nikaisafisha na kuirudisha kazini. Duka likileta aina nyingine ya risasi, inapita kwenye magazini zote na kwenye daftari kabla sijaipeleka kwenye mashindano ya klabu.