Mpira wa levo wa mjomba

Februari ile, kaskazi ilipokuwa imechachamaa, kompyuta yangu ya kuhariri video za harusi ilizimika kila siku mchana. Chumba changu pale Ngamiani, Tanga, kimeezekwa bati. Nilikuwa nimefunga mfumo wa kupoza kwa maji: pampu, bloku inayokaa juu ya prosesa na kupitisha maji yanayobeba joto lake, na rejeta ya milimita 240 ya kuyapoza maji hayo, niliyouziwa imeshatumika. Maji yalirudi kwenye tangi yakijikokota. Nikaapa kwamba pampu imekufa, na hela ya nyingine nilikuwa nimeshaanza kuitafuta.

Mjomba, fundi mwashi, alinikuta nimeshika simu, napima sekunde za kujaza dumu la lita 5. Nikamweleza kwamba dumu linaniambia maji ni machache, haliniambii yanakwama wapi.

"Mpwa wangu, mpira wa levo si huo hapo kwenye baiskeli?"

Nilisimama nikimtazama. Mpira ule mwangavu anaosawazishia misingi ya nyumba! Tukaukata vipande viwili, naye hakunung'unika hata kidogo. Kimoja tukakiunga kabla ya rejeta, cha pili baada yake, vyote vimesimama ukutani kando ya futi kamba, juu wazi. Maji yanayopata shida kupita hupanda juu upande wa kuingilia. Tofauti ya vimo viwili ndiyo nguvu inayoliwa na rejeta.

Tulianza na rejeta nzima ya rafiki yangu, saizi ileile. Koki tukaibana mpaka dumu lijae kwa sekunde 150, yaani lita 2 kwa dakika: tofauti sentimita 4. Tukafungua hadi lita 4 kwa dakika: 14. Nilitegemea 8. Kumbe mwendo ukiongezeka mara mbili, kizuizi hupanda zaidi ya mara tatu, na tangu hapo sishangai kwa nini pampu nzuri huzidiwa.

Ikaja zamu ya yangu. Kwa lita 2 tu maji yalipanda, yakapita alama ya mita moja, yakachomoza juu ya mpira na kumwagika ukutani. Mjomba akapiga kelele, "Zima, zima!"

Pampu haikuwa na kosa. Nami siku zote nilijua bloku, yenye vijimfereji kama meno ya chanuo, ndiyo hubana maji kuliko rejeta, ambayo maji yake hugawanyika katika mirija mingi kwa pamoja. Rejeta ikibana hivyo, imeziba. Kununua iliyotumika bila kuipima ni pata potea.

Tukamimina maji ya moto na siki, tukatikisa. Kwenye beseni vikaanguka vigaga vyeupe, sawa na ukoko wa birika la chai: kuna mtu aliijaza maji ya kisima. Tulisuuza mara tatu kabla ya maji kutoka safi. Tulipopima tena kwa lita 4, tofauti ilikuwa 17.

Jioni video ya harusi ilikamilika bila kuzimika. Mjomba alikunja vipande vya mpira wake vikinuka siki, akavifunga nyuma ya baiskeli, akasema kesho atanunua mwingine, ana msingi wa kusawazisha.