Taarifa ya Historia inapaswa kumfikia bibi

Mtwara, mwanzo wa Julai

Shule zinafunguliwa, na muhula wa pili huku kusini unaendeshwa na kalenda mbili: ya wizara na ya korosho. Sasa hivi watu wako kwenye salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Kuanzia Septemba wataokota, na wapo watakaofunga nyumba na kuhamia shamba mpaka minada ichangamke. Barua ya mzazi inayotoka Oktoba hukuta kufuli mlangoni. Kwa hiyo kila jambo zito la Historia na Jiografia ambalo mzazi wa Kidato cha Kwanza au cha Pili anapaswa kulijua litangazwe mwezi huu, watu wakiwa bado majumbani: mada kubwa za muhula, kazi mbili au tatu zitakazofanyiwa nyumbani, safari kama ipo, na wiki za majaribio. Oktoba ibaki ya kukumbushana tu.

Lakini utangaze kwa nani? Fomu ya kujiunga ina mstari wa baba na mstari wa mama, basi. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao mjomba ana kauli yake juu ya mtoto wa dada, na watoto wengi wanalelewa na bibi huku mama akitafuta maisha Dar es Salaam. Wiki ya kwanza mtoto aulizwe mambo matatu, faraghani: unalala kwa nani, nani akikataa jambo linakufa, na simu ya nani hupokelewa jioni. Mara nyingi majibu ni watu watatu tofauti. Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari la mwalimu wa somo, na kando ya kila namba iwekwe alama: W kama mwenye simu ana WhatsApp, K kama ni kitochi, J kama ni simu ya jirani. Kwenye namba yenye J hapaendi alama za mtihani wala habari ya utoro. Unaenda ujumbe mmoja tu, wa kuomba mlezi apige au afike shuleni. Fedha za korosho zikishaingia, daftari hilo lipitiwe upya, maana ndio msimu wa laini mpya na K nyingi hugeuka W.

Kuhusu ujumbe wa simu, yapo mambo ya kifundi ambayo hayasemwi katika vikao na yanakula vocha. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160, nafasi na vituo vikiwemo. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Huu hapa unaotosha:

"Ndugu mzazi/mlezi, wiki hii darasa linasoma Vita vya Maji Maji (1905-1907). Muulize mtoto: kwa nini Wamatumbi waling'oa pamba? Akusimulie. Mw. Historia"

Ni herufi 151. Mtego uko kwenye neno "waling'oa". Ukiuandika ujumbe kwenye kompyuta kisha ukaunakili kwenye simu, ile alama ya ng' hugeuzwa ikawa ya kupinda, na alama ya kupinda haimo katika orodha ya herufi za kawaida za mtandao. Papo hapo ujumbe wote unahamia mfumo mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70, na ukiwa mrefu unakatwa vipande vya 67. Herufi 151 zinakuwa vipande vitatu. Kwa wazazi 140 umelipia 420 badala ya 140, na ukiuliza vocha imekwenda wapi hakuna anayejua. Vikatuni vya kucheka na maua vina madhara yaleyale. Dawa ni kuifuta alama ile na kuiandika upya kwa kidole kwenye simu yenyewe, au kuchagua neno lisilo na ng'.

Saa nazo. Ratiba ya shule imeandikwa 8:00, mwalimu anaandika "saa 8 kamili", mzazi anakuja mchana watu wameshatawanyika. Andika kwa maneno, "saa mbili asubuhi". Siku ya kikao isiwe ya gulio, na kama ni Ijumaa kiishe kabla ya saa sita.

Swali ambalo ujumbe ule unambebesha mtoto lina sababu yake. Masomo mengi ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, na mzazi akifunua daftari anakutana na ukurasa asioweza kuuingia. Akiambiwa "msaidie mtoto kusoma Historia" ameambiwa jambo lisilowezekana. Akiambiwa muulize hili, na sikiliza kama anajua sababu au anarusharusha maneno, hilo analiweza hata asiyejua kusoma. Anachopaswa kusikia mzazi kitajwe kwenye taarifa ndefu ya mwezi: kulazimishwa kulima shamba la pamba kwa malipo hafifu, kodi, ukatili wa maakida, wasimamizi waliowekwa na Wajerumani, na Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliyewapa watu imani kwamba maji yake yatazuia risasi. Mtoto akitaja maji peke yake, mzazi aulize, "Na pamba je?" Hapo nusu ya marudio ya mada imefanyika ukumbini, bila daftari.

Taarifa ndefu ya mwezi iwe ya karatasi, robo ya A4, upande mmoja. Wanafunzi 140 wanahitaji karatasi 35. Iandikwe ya kusomwa kwa sauti, kwa sababu mara nyingi itasomwa na mtoto mwenyewe mbele ya bibi: sentensi fupi, hakuna vifupisho, hakuna "tajwa hapo juu". Kwa wenye W, sauti iliyorekodiwa isiyozidi dakika moja hufanya kazi kuliko maandishi, na bibi huomba irudiwe. Udhaifu wa karatasi unajulikana: msomaji ndiye mshitakiwa. Habari njema itafika kama ilivyo, habari mbaya itasomwa ikiwa njema, na sahihi itapatikana njiani chini ya mwembe. Utoro, kazi zisizoletwa na tabia visipitie kwenye mfuko wa mtoto. Hivyo ni vya kupiga simu, na simu ianze na shikamoo na habari za nyumbani kabla ya shauri lenyewe. Anayeanza na kosa anajibiwa na ukimya.

Kundi la WhatsApp nalo lifungwe, wasimamizi tu ndio watume. Likiachwa wazi, ndani ya juma moja limejaa matangazo ya mikopo na taarifa ya ramani imezama. Picha ya orodha ya matokeo yenye majina ya darasa zima isiwekwe humo kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama wa mtoto wa mwisho naye yumo kundini.

Kazi inayohitaji maelezo mengi kuliko zote ni mahojiano na wazee, na ndiyo inayoharibika zaidi mzazi asipoandaliwa. Kwanza, hesabu ya umri. Mtoto akitumwa "uliza mzee kuhusu Maji Maji" atarudi na hadithi ya mtu aliyezaliwa miaka 50 baadaye. Hakuna shahidi aliye hai. Kuna waliosimuliwa na mababu zao, na hivyo ndivyo daftari liseme. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 ukaachwa 1951. Ndio uliotuletea bandari ya Mtwara na ile reli ya kwenda Nachingwea ambayo baadaye iling'olewa. Anayeukumbuka kwa macho yake amezidi miaka 80. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ile ya kuhamishia watu vijijini, inawezekana kwa aliyezaliwa 1960 au kabla, na hao bado wamejaa barazani. Daraja la Umoja kule Mtambaswala lilifunguliwa 2010, hata kaka wa mtoto analikumbuka. Karatasi ya mzazi itaje mada na umri wa chini wa mzee, ili nyumba ijue impeleke mtoto kwa nani.

Pili, hofu. Huku mpakani swali "babu alitoka wapi, alikuja lini?" linaweza kuitikisa nyumba. Familia nyingi zilivuka Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, na mtu akisikia shule inaandika asili ya babu anawaza ofisi ya uhamiaji. Iandikwe waziwazi kwamba majibu yanabaki kwenye daftari la mtoto, jina la mzee si lazima, na mzee anaweza kukataa swali lolote. Wanaotaka kuepuka hilo wapewe swali mbadala lenye uzito uleule: bei za vitu, barabara, shule, njaa, jinsi korosho ilivyouzwa zamani. Kadhalika kwenye mila: ya jando na unyago yaandikwe yale yanayosemwa mbele ya wote. Somo likionekana linachungulia kumbini, wazazi watalifungia mlango, na watakuwa na haki.

Tatu, mzee na kitabu kutofautiana. Kitatokea tu. Mzazi aambiwe mapema kwamba mtoto ataandika yote mawili, safu ya "mzee alisema" na safu ya "kitabu kinasema", na kwamba maksi zinatolewa kwa kueleza tofauti, haziendi kwa aliyeshinda. Bila onyo hilo bibi akisikia "kitabu kinasema si hivyo" anaona ametukanwa na mjukuu, na kazi inayofuata hatajibu. Maswali yawe matano, yasizidi. Mtoto aende baada ya alasiri, aanze na shikamoo, na asirekodi sauti bila kuomba.

Safari ina mambo machache. Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, kuna boma la Wajerumani la 1895 na magofu ya mji wa zamani, inatosha nusu siku. Karatasi ya ruhusa itaje nauli, chakula, saa ya kurudi na jina la mwalimu wa kike anayeongozana, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza la mama. Mstari wa sahihi uwe na nafasi ya kidole gumba. Fedha ipitie kwa mkuu wa shule kwa risiti. Mwalimu wa somo akikusanya mkononi, hata kwa nia safi, elimu bila malipo ishafanywa kesi. Kama ni Jiografia ya ufukweni, chagua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida; hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na uwaambie wazazi kwamba kuogelea hakumo. Wavulana watadai kwamba kumo.

Ripoti ya mwisho wa muhula ndiyo ambayo kila mtu huisoma, na ndiyo tunayoiandika ovyo. Mzazi anaona 48 anashika fimbo, kwa sababu hajaambiwa kwamba katika madaraja ya sekondari C ni 45 hadi 64 na D inaanzia 30. Mistari miwili ya maelezo ya madaraja ikae juu ya ripoti. Kisha kwenye maoni, "ongeza bidii" iondoke kabisa. Haimwambii mtu chochote. Katika Historia ya kidato cha mwanzo kinachomwangusha mtoto mara nyingi ni Kiingereza cha kuandikia, na mzazi ana haki ya kujua ni kipi kati ya viwili: "Anasimulia vizuri kwa Kiswahili, insha ya Kiingereza haizidi mistari mitatu" ni shauri tofauti na "Hakuleta kazi ya mahojiano wala ramani." Kwa Jiografia vilevile: "Hajui kupima umbali, kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1, mpe rula apime kutoka kwenu hadi shule." Maoni ya namna hiyo kwa watoto 140 huchukua jioni tatu au nne. Yanaandikwa kwa urahisi zaidi kama kila jaribio liliachiwa neno moja kwenye daftari, "insha", "ramani", "hakuleta", tangu Julai hii.