Niko kanisani na niko loji, na maswali yenyewe si yale mnaniuliza

Tangu niache kunyamaza kuhusu hii mambo, swali la kwanza huwa ni lile lile, iwe ni kwa WhatsApp ya ukoo, iwe ni tukinywa chai baada ya ibada: "sasa huko nyinyi huabudu nini?" Na mimi hujibu hivi, naabudu Mungu Baba kupitia kwa Yesu Kristo, Jumapili, katika kanisa la ACK, yaani Anglikana la Kenya, ambalo nilibatizwa na nikapata kipaimara, na jioni zingine za katikati ya wiki naenda loji, yaani mkutano wa Frimasoni, kile chama cha udugu cha wanaume, pale Nyerere Road, Nairobi, ambako hakuna mtu huenda kuabudu. Hapo ndipo mazungumzo huisha, mtu ananiangalia tu halafu anaanza kutafuta bibi yake waende nyumbani.

Siwalaumu. Mtu amekulia Kenya miaka ya tisini anajua vile hizi story za Frimasoni na shetani zilikuwa. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti ikakaa mpaka 1999 ndio ikawekwa wazi, na hiyo miaka yote katikati sisi watoto tulikuwa tunaambiwa usichukue peremende kwa mtu humjui, usiangalie sana mtu amevaa pete kubwa. Halafu miaka ya 2000 Mchungaji David Githii akawa Moderator, yaani mkuu, wa kanisa la PCEA la Wapresbiteri na akaanza kampeni ya kutoa kwa makanisa alama zenye alisema ni za Frimasoni, hata pale St Andrew's, na waumini wakagawanyika vibaya sana, wengine wakishangilia na wengine wakilia kwamba kanisa lao linaharibiwa. Kumbuka St Andrew's na jumba la Frimasoni ziko barabara moja, na All Saints' iko hapo tu karibu. Tumekuwa majirani tangu wakati wa mkoloni na hatujawahi kukaa chini tuongee vizuri.

Kitu inaniuma kuhusu story za nyoka na damu zenye husemwa kutuhusu ni kwamba zimechukua nafasi yote. Mkristo akitaka kunipinga ako na sababu nzuri sana za kunipinga, sababu za Biblia, zenye mimi mwenyewe hukesha nazo, lakini hazitaji, anataka kujua kama nimetoa mtoto kafara. Kwa hivyo wacha niziseme mimi, juu hakuna mwenye atazisema kwa niaba yangu.

Kwanza kwa ufupi hii kitu ni nini. Grand Lodge ya kwanza, yaani loji kuu inayosimamia zingine, ilianzishwa London 1717, na katiba yake ya kwanza, ile ya 1723, iliandikwa na James Anderson, mchungaji wa Presbyterian kutoka Scotland. Mmoja wa Grand Master, yaani wakuu wake, wa mwanzo kabisa, Désaguliers, alikuwa kasisi wa Anglikana. Nasema hivyo si ati kuthibitisha kwamba ni sawa, juu makasisi pia wamewahi kubariki mambo mabaya duniani, nasema tu ndio ujue hii kitu haikutoka kuzimu, ilitoka kwa watu wa kanisa waliokuwa wamechoka kuona Wakristo wakichinjana. Unafundishwa tabia njema kwa kutumia vifaa vya mafundi wa mawe: skwea, bikari, timazi, pimamaji. Kuna madaraja matatu, na daraja la tatu lina mchezo wa kuigiza kuhusu Hiramu, yule fundi mwana wa mjane mwenye unampata 1 Wafalme 7, ingawa kile kifo kinachoigizwa hakiko kwa Biblia na hakuna mtu anadai kiko. Loji zetu hapa nyingi ziko chini ya Uingereza, zingine Scotland na Ireland. Huwezi kuingia kama huamini Mungu. Na ndani ya mkutano kubishana kuhusu dini na siasa ni marufuku, hiyo nitairudia.

Sasa maswali.

La kwanza ni kiapo. Kwa Mkenya hii si jambo dogo hata kidogo. Shosho yangu, yaani nyanya yangu, alikuwa wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki, wale tulikuwa tunaita ahonoki, waliookoka, na wakati wa Mau Mau wao walikataa kula kiapo, walisema wameshakunywa damu ya Kristo na hawawezi kuongeza ingine juu yake, na kuna waliouawa kwa hilo neno. Tena 1969 watu wakapelekwa usiku Gatundu kulishwa kiapo na makanisa yakapiga kelele. Kwa hivyo mimi mjukuu wa yule mama nikipiga magoti na kuweka mkono juu ya Biblia niape mbele ya wanaume kwamba nitaficha jambo, lazima niwe na jibu. Yesu kwa Mathayo 5 alisema msiape kabisa, ndiyo yenu iwe ndiyo. Sisi Waanglikana tuko na ile Kanuni ya 39 ya imani, inasema Mkristo anaweza kuapa hakimu akimtaka aape, kwa jambo la imani na upendo, na ukweli usemwe, mzee wa loji si hakimu.

Jibu langu ni hili. Kabla hujaapa unaambiwa wazi kwamba hakuna kitu kwa kile kiapo kinapingana na wajibu wako kwa Mungu, kwa nchi wala kwa familia, na mimi niliomba nielezwe kabla ya siku yenyewe naenda kuahidi nini, nikaelezwa. Yale maneno ya kutisha ya zamani ya kukatwa koo yaliondolewa kwa viapo vya loji za Uingereza mwaka 1986, na mimi nasema yalikaa miaka mingi kupita kiasi. Kinachobaki ni ahadi ya kutotoa ishara za kujitambulisha na ya kusaidia ndugu akiwa na shida. Mimi ninaichukua kama ahadi, vile naahidi mwajiri kwamba sitatoa siri za ofisi. Lakini najua shosho hangekubali hilo jibu, na sitajifanya ati angekubali.

Swali la pili ndilo linaniuma zaidi na sijawahi kusikia mtu akiniuliza. Ni maombi. Tunaomba tukifungua na tukifunga mkutano, na hatumalizi kwa jina la Yesu. Tunasema Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, tunasema amina yetu, basi. Sababu yake naielewa vizuri, juu katika loji ya Nairobi utapata kando yako ameketi Mhindu, mbele yako Muislamu, Sikh ndiye anaweka hesabu ya pesa, na pale mbele pamewekwa Biblia na kukiwa na haja Kurani na Gita pia zinawekwa. Huwezi kumwombesha mtu kwa jina asiloliamini. Sawa. Lakini mimi ndiye nimefundishwa tangu Sunday school kwamba mtu haji kwa Baba ila kwa njia ya Yesu, na hapo nimesimama nikiomba sala ambayo imemwacha nje kwa makusudi ili sote tutoshee. Si eti imemsahau, imemwacha. Mkristo mwenye hasikii uzito wa hiyo kitu, mimi huwa namshuku imani yake, hata kama ni ndugu yangu wa loji.

Nimeongea na Wakristo wenzangu wa loji kuhusu hili na wengine hunijibu haraka sana, wanasema ah, si hata bungeni kuna sala ya aina hiyo, si hata kwa harambee mtu husema tu Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na hilo hunisaidia kiasi. Kinachonisaidia zaidi ni kuamua ile sala ni nini. Kama ni ibada, basi nimekosea njia na natakiwa nitoke leo. Kama ni wanaume wa dini tofauti wanakiri tu kwamba kuna Mungu na watamtolea hesabu, naweza kusimama pale, na moyoni nimalize kwa jina la Yesu vile huwa namaliza. Kila kitu kinategemea loji ikubali kubaki ndogo. Siku itaanza kuniambia kwamba matendo mema nikiwa na timazi yangu ndiyo yatanifikisha mbinguni, siku hiyo itakuwa imegeuka kanisa lingine, tena kanisa lisilo na msalaba, na mimi sitaingia humo. Na niseme wazi, nimeona wanaume ambao kwao imeshakuwa hivyo. Mkutano hawakosi, suti nyeusi, glavu nyeupe safi kabisa, lakini Meza ya Bwana hawajaikaribia miaka. Hao ndio hunitia hofu kuliko mahubiri yote nimewahi kusikia dhidi yetu.

Kuhusu makanisa yanasemaje, watu hupenda kuchagua lile linawapendeza. Kanisa Katoliki halijawahi kuyumba, kuanzia Papa Clement XII mwaka 1738. Ilipotoka sheria mpya ya kanisa 1983 bila kutaja Frimasoni kwa jina, watu walidhani mlango umefunguliwa, lakini Novemba ya mwaka huo huo Kadinali Ratzinger akatoa tamko kwamba mwenye amejiunga yuko katika dhambi nzito na hafai kupokea Komunyo, na 2023 Vatican ikarudia hivyo hivyo. Kwa hivyo binamu yangu Mkatoliki alipoalikwa na kuniuliza, nilimwambia usiingie. Alishangaa ni mimi nasema hivyo. Lakini huwezi kwenda kuahidi uaminifu mahali pamoja kwa kuvunja uaminifu mahali pengine, kiapo cha namna hiyo kimeoza tangu siku ya kwanza. Kwetu Waanglikana mambo hayajanyooka: Geoffrey Fisher alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na alikuwa Frimasoni, halafu 1987 ripoti ya Church of England yenyewe ikasema kuna maswali mazito sana. Southern Baptist wa Marekani 1993 walitaja mambo mengi hayapatani na Ukristo halafu wakaachia kila mtu dhamiri yake. Na hapa Nairobi ukitaka kujua msimamo wa kanisa lako, muulize kasisi wako uso kwa uso, usisome kwa Facebook.

Sasa mbona nabaki, kama hayo yote yananisumbua?

Nabaki kwa sababu ya ile sheria ya siasa na dini. Nilikuwa mtu mzima 2007 na mwanzo wa 2008, wakati wa ule uchaguzi na vita vilivyofuata. Niliona vile makanisa yalikuwa, kila kanisa na mgombea wake, kila mhubiri na kabila lake, unabii ukitolewa madhabahuni kuhusu nani Mungu amemchagua, halafu watu wakachinjana na kanisa likakosa sauti ya kuwaambia waache. Sizushi, 2008 NCCK, lile baraza la makanisa ya Kenya, wenyewe walitoka hadharani wakaomba Wakenya msamaha kwa kuegemea pande. Baadaye nilipoingia loji nikakuta chumba ambacho Mkikuyu, Mjaluo, Mkalenjin, Mhindi na mzungu mmoja mzee wanakaa jioni nzima na hakuna anayeweza kufungua mdomo kuhusu uchaguzi. Kila msimu wa kura tangu hapo, WhatsApp ya felowshipi yetu huwa moto, watu waliookoka wanaitana majina ambayo siwezi kuandika hapa, na loji huwa kimya na watu bado wanachangiana karo na bili za hospitali. Zaburi 133 inasema ni vema na inapendeza ndugu wakae pamoja kwa umoja. Inaniuma sana, na nasema hivi nikiwa napenda kanisa langu, kwamba hiyo Zaburi wakati mwingine naiona ikitendeka Nyerere Road kabla sijaiona kwetu.

Kwa hivyo nimejiwekea mipaka na bibi yangu anaijua yote. Nilimwambia kabla sijajiunga, na nilimwambia kasisi kabla sijajiunga. Ibada ikigongana na mkutano, naenda ibada. Fungu la kumi haligusiki. Sijawahi kuomba tenda wala kazi kwa ndugu wa loji, na wakinipa sitachukua, juu hapo ndipo Wakenya wako na haki kabisa ya kutushuku. Na mazishi yangu nimeyaandika kwa karatasi: kanisa peke yake, kitabu cha sala cha ACK, loji wakitaka waje wakae kwa viti kama waombolezaji wengine.

Vijana ambao hunitumia meseji wakitaka "kuunganishwa" ndio wapate pesa, hakuna pesa. Wewe ndiye unatoa, ada kila mwaka na michango kila mara, na yeyote anakuitisha M-Pesa ya usajili kwa simu ni mwizi, mripoti kwa polisi.

Jambo moja bado tunabishania na kasisi wangu, na ni yeye alilileta, akiwa na Biblia mkononi. Yohana 18:20, Yesu mbele ya kuhani mkuu, "wala kwa siri mimi sikusema neno lo lote." Mimi nilimwambia ritual zetu zimechapishwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma, akaniuliza, kama hazifichi kitu mbona basi mnaapa kuzificha, na hapo nilinyamaza kwa sababu ni swali la haki. Sijaona aya nyingine inanibana hivyo, hata ile ya kutofungwa nira pamoja na wasioamini hainifikii. Tumekubaliana tukae tena baada ya Pasaka, na safari hii bibi yangu amesema anakuja, ana orodha yake mwenyewe.