Zinakatika au zinang'oka?

Karibu mwaka mzima nilikuwa nasema nywele zangu zinakatika. Ndivyo tunavyosema wote. Zikibaki kwenye chanuo, zinakatika. Zikiziba tundu la maji bafuni, zinakatika. Neno hilo sikuwahi kulifikiria mara mbili mpaka siku mtaalamu wa ngozi alipoushika unywele wangu mmoja kwa vidole viwili na kuniuliza, "Dada, hizi zinakatika au zinang'oka?"

Nikamwambia si ni yaleyale. Akaulaza ule unywele juu ya jalada la kaki lililokuwa mezani, akausogeza karibu na dirisha. Mwisho wake mmoja ulikuwa na kitone cheupe, kidogo kama kichwa cha pini. "Unywele uliokatika hauna hiki," akasema. "Huu umetoka na shina lake. Hakuna kilichoukata. Kichwa kimeuachia."

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 36. Nywele zilianza kuniaga mwanzoni mwa 2022. Kwanza niliziona kwenye mto asubuhi, halafu kwenye kola ya blauzi, halafu mkia niliokuwa nikiufunga kwa mpira mara mbili ukawa unahitaji kuzungushwa mara nne. Pande za mbele, juu ya masikio, palikuwa pameshaanza kung'aa zamani, lakini hapo sikushtuka. Nani kati yetu hana vipara vya rasta?

Nikafanya kila mtu anachofanya. Niliacha dawa ya kulainisha. Nikapaka mafuta ya nyonyo, tena nikiyachanganya na maji ya kitunguu, mpaka siku moja mtoto wa darasa la tatu akauliza kwa sauti ni nani amekuja na kachumbari. Dukani nikauziwa vidonge vya vitamini ya bayotini, chupa mbili, na muuzaji aliyeapa kwamba dada yake alikuwa kipara kabisa. Shangazi yangu akaja na lake: nywele nilizotupa ovyo zimeokotwa na panya, wakajengea kiota. Akanishauri niwe nazichoma. Nilizichoma, si utani. Chumba kilinuka kwa siku mbili.

Baya kuliko yote lilikuwa lile nililodhani ni la busara. Kadiri kichwa kilivyopungua ndivyo nilivyosuka zaidi ili kufunika. Rasta ndefu, nzito, zilizokazwa mpaka nyusi zinapanda. Narudi nyumbani nameza panadol, usiku nalala kifudifudi, asubuhi vipele vyeupe vimejipanga kwenye paji la uso pale suko lilipoanzia. Msusi wangu alinituliza: "Likikaza ndiyo limekubali." Na mimi nikamwamini, kwa sababu anasuka vizuri sana, hilo siwezi kumnyima.

Nilikwenda kliniki ya ngozi Januari 2023, baada ya mwalimu mwenzangu kunivua kilemba kwa utani na kisha akanyamaza ghafla. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikonipeleka.

Benchi la kliniki ya ngozi ni darasa. Kushoto kwangu alikaa mama na mtoto mwenye mapunye, vile viraka vyenye magamba na nywele zilizokatika usawa wa ngozi. Alikuwa ameshampaka krimu miezi mitatu bila nafuu, na sasa alikuwa na cheti cha vidonge vya griseofulvini vya wiki sita mpaka nane, maana fangasi wa kichwani wamejificha ndani ya unywele wenyewe, krimu haiwafikii. Kulia alikuwepo kijana wa bodaboda mwenye kiduara kimoja kisogoni na kingine kidevuni, laini kama shavu la mtoto, hakiwashi wala hakiumi. Huyo kinga ya mwili wake inashambulia mashina ya nywele, na alikuwa anakuja kuchomwa visindano vidogovidogo hapohapo kwenye ngozi. Mbele yetu alikaa mama mtu mzima ambaye utosi wake ulianza kuwaka na kuwasha miaka mingi iliyopita, naye akawa anaupaka mafuta tu. Sasa pale pameng'aa, hakuna hata tundu la unywele. Walikuwa wamemkata kipande cha ngozi cha milimita 4 kwenda kupimwa. Yeye ndiye aliyenitia hofu, kwa sababu aliambiwa wazi: dawa ni ya kuzuia lisisambae, palipokwisha kuwa kovu hapaoti tena. Watu wanne, wote "nywele zinakatika," na hakuna wawili wenye ugonjwa mmoja.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa kijana, wa rika la mdogo wangu. Alisomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992, ambacho kimetoa wataalamu wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika. Alikamata fungu la nywele zangu, kama hamsini hivi, akalivuta taratibu tangu chini hadi nchani. Zikabaki mkononi kumi na mbili. Akavuta upande mwingine, vilevile. Akaanza maswali. Nimejifungua karibuni? Hapana. Nimeugua homa kali, malaria, taifodi, korona? Nimefanyiwa upasuaji? Nimejinyima kula nipungue? Nimeacha au kubadilisha dawa za uzazi wa mpango? Hapana, hapana, hapana.

"Hedhi yako ikoje?"

Ya kawaida, nikasema, nikiangalia ukutani.

"Kawaida ni pedi ngapi kwa siku?"

Hapo ikabidi nihesabu kwa vidole mbele ya mwanaume. Siku mbili za kwanza, kila baada ya saa moja na nusu. Usiku naweka mbili pamoja na bado natandika kanga. Siku nane. Aliacha kuandika. Nikajitetea kwamba mama yangu alikuwa hivyohivyo na dada zangu wako hivyohivyo, kwetu ni damu nyingi tu. Akaniuliza swali la ajabu: kuna kitu unachotafuna? Nikacheka. Kwenye pochi yangu, palepale, palikuwa na kimfuko cha mchele mbichi. Nilikuwa nautafuna darasani, kwenye daladala, hata kitandani, na nilidhani ni ulafi. Kumbe mwili usio na madini ya chuma huwa unatamani vitu vya namna hiyo: mchele mbichi, udongo wa pemba, barafu.

Aliniambia niache bayotini siku kadhaa kabla ya kupima, kwa kuwa vipimo vingine vya maabara, cha tezi ya shingo kimojawapo, huweza kudanganywa nayo. Majibu yakatoka: tezi nzima, VVU hakuna, kaswende hakuna (kaswende nayo huacha kichwa na viraka kama nguo iliyoliwa na nondo, ndiyo maana wanaipima). Kiwango cha damu kilikuwa 7.9, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 5. Shirika la Afya Duniani linahesabu mtu mzima aliye chini ya 15 kuwa akiba yake imekwisha. Na ultrasaundi ikaonyesha vivimbe vitatu kwenye kizazi, kikubwa zaidi cha sentimita 6.

Mwaka mzima nilikuwa napaka kitunguu kichwani, na tatizo liko kwenye kizazi.

Alivyonieleza ni hivi. Kichwa kina nywele kama laki moja, na kila mmoja una ratiba yake: unakua miaka miwili mpaka sita, unapumzika miezi mitatu hivi, unadondoka, mwingine unachipua. Kupoteza 50 mpaka 100 kwa siku ni hali ya kawaida. Mwili ukipata mtikisiko, iwe homa, uzazi, njaa au upungufu wa damu, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja na miezi miwili mitatu baadaye zinadondoka kwa pamoja. Mwili hauwezi kukata chuma cha moyo ukapeleka kwenye nywele. Ndiyo maana mama aliyejifungua salama anashangaa mtoto akiwa na miezi mitatu, nywele zinamwagika, na anamlaumu mtoto kwa kuzivuta.

Nikaandikiwa vidonge vya chuma, na nikapelekwa kwa daktari wa kina mama, aliyenipa dawa ya kupunguza damu siku za hedhi wakati nasubiri zamu ya upasuaji. Vidonge vya chuma havina adabu. Choo kinakuwa cheusi kama lami na kinafunga. Lakini kilichonishinda hasa ni chai. Mimi ni mtu wa chai ya rangi asubuhi, saa nne na jioni, na chai huzuia chuma kufyonzwa. Nikahamishia vidonge saa kumi na moja alfajiri, kwa maji ya limau, chai mpaka yapite masaa mawili. Wiki ya tano nikagundua kimfuko cha mchele kimekaa kwenye pochi siku kadhaa bila kuguswa. Hamu hiyo iliniisha kabla nywele hazijarudi.

Nywele zilichelewa. Nilikuwa nazihesabu kila Jumamosi baada ya kuosha, nazipanga kwenye leso nyeupe: 240, 255, 210. Mwezi wa tatu zikashuka chini ya 150. Mwezi wa tano mama aliniita mlangoni kwenye mwanga akasema, "Mwanangu, mbona umeota vinyoya?" Vilikuwa vifupi, vimesimama kichwa kizima. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, zetu sisi Waafrika mara nyingi pungufu ya hapo, kwa hiyo kwa nusu mwaka nilionekana kama kifaranga aliyenyeshewa.

Upasuaji nilifanyiwa Agosti. Novemba nywele zikaanza tena kumwagika, na dada zangu wakapiga kelele kwamba ugonjwa umerudi. Nilihesabu tu kwa vidole: Septemba, Oktoba, Novemba. Ulikuwa mtikisiko wa kisu, na Februari zilitulia zenyewe bila dawa yoyote.

Za mbele ni habari nyingine kabisa. Nilidhani damu ikipanda na zenyewe zitarudi, lakini mtaalamu alinikatalia siku ya kwanza. Alinipa kioo akanionyesha mstari wa vinywele vyembamba vilivyobaki ukingoni kabisa mwa paji, na nyuma yake uwazi. Vile vimebaki, alisema, kwa sababu ni vifupi mno kushikwa kwenye suko. Vingine vyote vilivutwa. "Hili si la damu. Hili ni mkono wa msusi." Likiwahiwa, mtu anaacha kuvuta na nywele zinarudi. Likikaa miaka, ngozi inaweka kovu.

Nilipewa minoksidili ya kupaka. Dawa hiyo ilianza kama ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele mpaka usoni, ndipo ikageuzwa ya kupaka. Ina mambo yake: wiki za mwanzo inaangusha nywele kwanza, mjamzito haruhusiwi, na ukiiacha kile ulichokipata kwa nguvu yake kinaweza kuondoka. Nilipaka miezi minane, asubuhi na jioni. Upande wa kulia umejaa, si kama wa msichana, lakini umejaa. Wa kushoto, ambako msusi wangu huwa anaanzia, pamebaki uwazi wa upana wa sarafu ya mia mbili. Mtaalamu alipapapasa kwa kidole gumba akasema tuache hapo.

Msusi sijamhama. Mwezi uliopita nilikaa kwenye kigoda chake nikamwambia mabutu makubwa, bila kukaza, na kushoto asiguse. Akanung'unika kwamba kazi ya namna hiyo inamharibia jina, wiki mbili itakuwa imefumuka.

"Ikifumuka nitarudi unisuke tena."

"Kwa hela nyingine, mwalimu."

"Kwa hela nyingine."