Jambiani hadi Michamvi na kurudi, na Shamsi wangu mzima

Nimestaafu jeshini na cheo cha kapteni, na tangu kambini nilikuwa na hamu moja: kwenda na farasi Jambiani hadi Michamvi, pwani ya mashariki ya Unguja, na kurudi, kama kilomita 40, naye amalize akiwa mzima. Hilo la mwisho ndilo lilinikaa rohoni. Mwaka 1892 maofisa wa Ujerumani na wa Austria-Hungaria walishindana kwa farasi kati ya Berlin na Vienna, karibu kilomita 580. Mshindi, Wilhelm von Starhemberg, alifika kwa saa 71 na dakika kadhaa, kisha farasi wake akafa, na wengine wengi wakafa vilevile. Siku hizi mbio za masafa zina daktari wa mifugo kwenye kila kituo. Mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika, unatolewa hata ukiwa wa kwanza.

Farasi wangu, Shamsi, nilimkodi miezi mitatu, laki kadhaa zikanitoka.

Mara ya kwanza nilimsikiliza mtu aliyejiita fundi wa farasi. "Afande, farasi mwenye jasho usimpe maji, tumbo litamkata." Tena akanambia nitoke wakati wowote, pwani ni pwani. Nikatoka maji yamejaa, tukabanwa kwenye mchanga mkavu, kwato zinazama kila hatua. Kufika Bwejuu, kijiji cha njiani, nikashuka, nikaweka kiganja nyuma ya kiwiko chake cha kushoto, nikahesabu: 92. Nikasubiri nusu saa, bado 84. Midomo mikavu, macho yameingia ndani. Nikamtafutia maji kwa watu, akanywa ndoo mbili bila kupumua, nami nikarudi naye kwa miguu hadi Jambiani huku nikimwomba radhi. Ushauri ule ni wa kumuua mnyama, na nasema kwa hasira.

Nikaenda kwa mama mmoja mkulima wa mwani, maana wao ndio wenye saa ya bahari. "Mwanangu, ngoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa sana. Maji yanakupwa kabisa saa nne asubuhi. Na vigingi vyetu vya mwani vipishe kwa juu."

Basi nikatoka saa moja na nusu, mchanga mbichi mgumu kama barabara. Madumu ya maji ya kunywa nilikuwa nimeyatanguliza Bwejuu na Michamvi. Mwendo ulikuwa mchakamchaka tu, na kila baada ya muda nashuka nakimbia pembeni yake. Miguu ya jeshi haijasahau. Kubwa zaidi ni maji ya bahari: unamwagia shingo na kifua, unamwagia tena na tena bila kukoma. Huna haja ya kuyakwangua: maji mapya yanaondoa yaliyopata moto, na yanayobaki mwilini yanaendelea kumpoza yakikauka. Mikono iliniuma siku mbili.

Jambiani tulifika kabla ya saa saba. Nikasubiri dakika ishirini, nikahesabu mara tatu kwa kutojiamini: 58, 58, 56. Shamsi alikuwa ameshainamisha kichwa kwenye majani yake.